Mbuzi wa Amisi

Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwahi kumkaribisha Faida. Binti huyu wa Kigoma alizunguka Uganda nzima kwa basi, akaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi, ili ajitolee Beni kwa siku kumi, msimu wa Idi ya kuchinja. Shirika lake liligawa nyama kwa watu waliokimbia vijiji vyao. Kazi yake ilikuwa kuandika kwenye karatasi jina la kila mtu ambaye watu wa ughaibuni wametoa mnyama kwa niaba yake, awe hai au marehemu, kumpa imamu alisome kwa sauti, kisha kurekodi kwa simu kisu kinapopita. Alikuwa na moyo mzuri, nasema kweli, na mwandiko mzuri zaidi. Kuuliza ndiko kulikomshinda.

Alipewa chumba mtaa wa Beu, nyumbani kwa Zawadi. Mume wa Zawadi, Amisi, alikuwa dereva wa Fuso ya samaki. Miezi kumi na minne kabla, alitoka Kasindi asubuhi, na mchana gari lake likakutwa njiani limeteketea. Maiti mbili zilipatikana, yake haikuwemo. Wengine walisema ametekwa na waasi, anabebeshwa mizigo porini, na kweli wapo waliowahi kurudi baada ya miaka miwili. Basi Zawadi hakukaa eda wala hakutandika mkeka wa matanga. Kila jioni alipakua sahani ya Amisi, akaifunika, na asubuhi akawapa watoto. Kulia pia hakulia, maana aliye safarini haliliwi. Fadhili, kaka wa Amisi, mfanyabiashara wa Butembo, alishamwomba mara tatu wamsomee ndugu yake hitima, na mara zote tatu alijibiwa kwa swali moja.

"Shemeki, ulimuona?"

Fadhili akarudi Butembo.

Mambo hayo hakuna aliyemweleza mgeni. Faida aliiona ile sahani, akasikia habari za gari kwa majirani, akajumlisha mwenyewe. Siku moja kabla ya Idi, mbuzi walipoletwa kutoka Lubero, mmoja alikosa mwenyewe kwa sababu mtoaji wake alijiondoa. Mkuu wa shirika akamwambia Faida achague jina lolote. Faida alifurahi sana. Wiki nzima alikuwa anakula sombe, kisamvu cha Zawadi, bila kujua amfanyie nini mama wa watu. Akachukua kalamu nene, akaandika: Marehemu Amisi, dereva, wa Beu. Hakumwambia mtu. Alitaka Zawadi alisikie mwenyewe, mbele ya watu, afurahi.

Baada ya swala uwanja wa msikiti ulijaa. Fadhili alikuwa amekuja na ukoo wake kutoka Butembo. Zawadi alikaa upande wa wanawake, amejifunga kikwembe kipya. Imamu alisoma majina ya watu wa mbali, mengine yakimpiga mieleka ulimini, na watu waliendelea na soga zao. Kisha akashika karatasi nyingine.

"Kwa niaba ya marehemu Amisi, dereva, wa Beu."

Soga zilikatika. Imamu mwenyewe alirudia kuisoma ile karatasi kimoyomoyo, akamtazama Faida. Huyu ni mtu wa shirika, amepitia Kasindi juzi tu, ana simu mbili na kizibao chenye nembo. Angeandikaje kama hakupata habari? Lisemwalo lipo. Imamu akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, na uwanja mzima ukaitikia.

Faida alikuwa anarekodi, akisubiri kuona Zawadi anatabasamu. Akamwona anasimama, anapiga hatua tatu, anakaa chini kwenye udongo. Kilio kilichofuata kiliwafanya hata wachinjaji washushe visu.

Fadhili alikuja mbio. "Bamemupata wapi? Mademoiselle, bamemupata wapi?"

"Hapana, kaka, mimi niliandika tu..."

Lakini wanaume walikwisha kumkumbatia, na yeye alikwisha kuanza kulia. Ningependa kumchapa yule binti, na papo hapo namhurumia.

Kufika adhuhuri mikeka ilikuwa imetandikwa kwa Zawadi. Wanawake walimvua hereni, wakamvika nguo nyeupe. Yule mbuzi alichinjwa kama wenzake, nyama ikaletwa kwenye beseni na kupikiwa waombolezaji. Faida alijificha jikoni hadi aibu ikamzidi, akaingia chumbani kwa Zawadi. Wanawake wakawapisha.

"Mudogo yangu, nani alikuambia?" Zawadi aliuliza. Sauti ilikuwa imemkauka. "Sema tu. Alikufia wapi?"

"Hakuna aliyeniambia, dada. Nilidhani kila mtu anajua. Nilitaka apate thawabu. Nisamehe."

Zawadi alijifuta uso kwa ncha ya nguo nyeupe.

"Donc, basi, hakuna habari."

"Hakuna."

Faida akainuka. Bado aliamini kosa hili linafutika kama makosa mengine ya karatasi. "Nakwenda kumwambia imamu. Watu wote wako hapa, atatangaza sasa hivi kwamba nilikosea."

Zawadi alimkamata mkono. "Kaa."

"Lakini dada, pengine yuko hai!"

"Kaa, nakuambia. Miezi kumi na ine sikulia hata siku moja. Leo nimelia. Ukienda kubaambia, batu batarudia kwabo, na miye nitaanza tena kumungoja. Siko na ile nguvu."

"Na akirudi?"

"Hapana kuniuliza ile."

Mlango ukafunguliwa. Fadhili aliingia, macho mekundu, kofia mkononi, akachuchumaa mbele ya Faida kwa heshima ambayo hakustahili.

"Merci, mademoiselle. Umetutolea muzigo mukubwa. Mama yetu anataka kujua kitu kimoja tu, halafu hatutakusumbua tena. Alikufa siku ile ile, pale kwa gari? Ao bamemutesa kwanza?"

Zawadi hakumwangalia Faida, lakini vidole vyake vilimbana mkono mpaka ukauma.

"Siku ile ile," Faida akasema. "Hakuteseka."

Fadhili akamshukuru tena, akatoka kwenda kumwambia mama yake.