Jina la Wakonyo

Kwa kina Gathogo, mume wangu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Lakini binti yetu alipozaliwa albino hapa Kitale, mama mkwe, Wakonyo, alikataa jina lake litumike.

"Hiyo imetoka kwenu Bungoma," aliniambia. "Kwetu haiko."

Jibu nilikuwa nalo, nikaliweka. Mtoto akabaki na jina la kanisa tu, Mary Ann.

Juzi daktari wa mifugo alikuja kuchanja ng'ombe, akamkuta Wakonyo kwenye stoo ya mahindi akitazama watoto wa paka. Mmoja alikuwa mweupe pepe, na macho yake ya samawati hafifu yaliwaka mekundu kwenye mwanga.

"Huyu ni albino," daktari akasema. "Si kila paka mweupe ni albino, lakini macho haya hayadanganyi."

"Ametoa wapi? Mama yake ana milia, baba ni ule mweusi. Wote wamezaliwa hapa kwangu."

"Basi wote wawili wanabeba hiyo hali kwa damu, Mama, hata kama hawaonyeshi. Akibeba mmoja peke yake, mtoto hatoki hivi."

Nilikuwa mlangoni na sinia la maharagwe, na maneno niliyoweka mwaka mzima. Nikaona mama mkwe anavyomkinga yule paka na mwanga kwa kiganja, nikayaacha.

Alinipita bila kuniangalia, akaenda hadi kwenye mkeka alipokuwa akicheza binti yangu. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akamfunika.

"Wakonyo," akamwita, "jua ni kali."