Mgongo Usiogeuka

Tupokigwe alikuwa anafungua kidau cha wino aliposikia sauti ya msimamizi mlangoni, na moyo ukamlipuka. Sauti ile aliijua tangu utotoni. Ni Mwalimu Isakwisa, baba wa mchumba wake, aliyetumwa kutoka Iringa kuja kusimamia mtihani wa darasa la nane hapa Mbeya.

Utasema, basi si bahati hiyo? Bahati gani! Kwa Wanyakyusa, binti akishatolewa ng'ombe wa mahari hamtazami baba mkwe wake. Akikutana naye njiani hujitosa majanini akajifunika. Kumkodolea macho ni aibu ya ukoo mzima. Tupokigwe hakungoja kufikiri. Alijitupa chini ya dawati na kujigubika khanga aliyojitanda kwa baridi.

Wavulana wakaangua kicheko, wapumbavu wale. Hakuna hata mmoja aliyejua kilichokuwa kinamkata maini. Wasichana waliochaguliwa kwenda sekondari, huko Tabora, walikuwa wachache mno, na mtihani haukuwa na siku ya pili. Akiukosa, nyumbani Rungwe arusi ilikuwa inamsubiri. Na mwenye ng'ombe ndiye huyu huyu aliyesimama mlangoni. Akisema msichana atolewe, nani wa kumuuliza?

Mwalimu Isakwisa hakusema hivyo. Alirudi nje barazani, na kutoka huko akaamuru:

"Geuzeni madawati! Yote yatazame ukuta wa nyuma. Atakayegeuza shingo, karatasi yake naichukua."

Madawati yakakokotwa kwa kishindo. Kicheko kilikwisha palepale. Tupokigwe alipotoa kichwa kwenye khanga aliona ukuta mweupe tu mbele yake, na darasa zima limeugeukia pamoja naye, kwa ajili yake. Ndipo akasikia viatu vikiingia taratibu, vikasimama nyuma yao wote.

Akaandika. Aliandika huku nywele zimemsimama, maana alijua yuko chumba kimoja na mtu ambaye hata jina lake halitamki. Kwenye karatasi ya hesabu, kalamu ikamponyoka. Ikabingirika nyuma.

Alikuwa na hiyo moja tu. Muda unakwenda, hesabu zimebaki nusu, na kalamu iko nyuma, upande wa mkwe. Kugeuka kidogo tu, jicho moja tu! Tupokigwe akakamata kingo za dawati kwa mikono miwili, machozi yakamdondokea kwenye karatasi, na shingo yake haikugeuka.

Mara akasikia kitu kinakwaruza sakafu, polepole. Kalamu ikaja ikagusa kisigino chake, ikisukumwa na ncha ya mwavuli mweusi. Ncha ile ikasita kidogo, kisha ikarudi ilikotoka.

Mwezi wa Januari Mwalimu Isakwisa alifika Rungwe. Tupokigwe alikimbilia ndani, kwa mama yake Damari. Mgeni hakuingia. Alisimama nje, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa nyumba na kusema kwa sauti ya kusikika:

"Mama, mwambie binti amechaguliwa. Aende Tabora."

Damari akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Baba mtu, Saulo, akauliza kwa hofu kutoka uani, "Na ng'ombe wako, ndugu yangu?"

"Ng'ombe wakae. Arusi itamngoja. Mimi uso wake siujui tena. Lakini nimekaa nyuma ya mgongo wake siku nzima. Kalamu ilipoanguka nilisema, huyu sasa atageuka. Hakugeuka. Nimesimamia watoto wengi, sijaona mtu anayekitaka kitu vile na bado anamheshimu mtu vile. Niliogopa, kusema kweli."

Tupokigwe alitaka kusema ndaga, asante, asante sana, lakini mkwe hajibiwi. Akasogea mpaka pale sauti ilipotokea, akageuka, na kuuegemeza mgongo wake kwenye ukuta uleule, huku analia.