Hisa za Mwethya

Nthenya hakuwa amelala vizuri wiki nzima, na nani angelala? Kampuni yake ya kuuza mbuzi kwa mtandao haikuwa imepata faida hata mwezi mmoja tangu aifungue pale Mumbuni. Mfugaji wa Mwala anaweka picha ya mbuzi, mtu wa Nairobi anapenda, analipa. Kazi safi! Shida ni kwamba kwenye picha mbuzi amenona, akishushwa garini ni mifupa na ndevu. Mnunuzi anafoka, Nthenya anarudisha pesa. Kuajiri watu wa kuzunguka vijijini kukagua hakuweza. Alishapiga hesabu mpaka kichwa kikamuuma.

Benki zilimwambia arudi akiwa na faida. Waliomwamini ni akina mama wa mwethya, kikundi cha kuchimba mitaro na kujenga mabwawa ya mchanga ya kutunza maji mtoni kule Mwala. Walimpa akiba yao ya bwawa kwa mkataba wa aina yake: miaka miwili ikiisha, wachague wenyewe. Wakitaka, warudishiwe pesa na riba. Wakitaka, deni ligeuke hisa, wawe wenye kampuni pamoja naye. Siku ya kuchagua ilikuwa imefika. Wakisema pesa, kampuni imekwisha.

Aliwakuta kando ya mto mkavu, majembe chini. Mwenyekiti, Mama Munyiva, hapendi maneno mengi. "Sema ukweli, mwanangu. Iko na faida?"

Angeweza kupaka rangi. Alikuja na michoro mizuri kwenye kompyuta. Lakini alipoitazama mikono yao, moyo ulimkatalia. "Haina, mwaitu, mama yangu. Wateja wanaongezeka, lakini kila mwezi ni hasara. Mkichukua hisa, huenda zikawa mali, huenda zikawa karatasi tu."

Kavata, mweka hazina, akasonya. "Na tukisema pesa?"

"Nitauza mpaka viti. Nitawalipa nusu, nyingine polepole."

Wakamwambia asogee kando wajadiliane. Wee, walirushiana maneno! Nthenya alisimama mbali akibana machozi, hata Munyiva akamwita.

"Nusu ya pesa haijengi bwawa," akasema Munyiva. "Tukule hasara na tena tuue kampuni? Na wewe umetuambia ukweli mchana kweupe. Geuza hilo deni."

Nthenya akalia mbele yao wote, wala hakuona haya.

Usiku huo alilala fofofo hadi jua likachomoza, akafika ofisini saa tatu akiimba. Mlangoni akakuta kikundi kizima, leso zimefungwa viunoni, Munyiva mbele.

"Mwaitu, mmebadilisha nia?"

"Nia gani? Tumekuja kazini. Tumetoka Mwala kukiwa bado giza. Kazi iko wapi?"

Nthenya almanusura acheke. "Lakini mwenye hisa hafanyi kazi, mwaitu. Anakaa nyumbani, anangoja faida."

"Anangoja!" Kavata akapiga makofi kwa mshangao. "Kampuni inakufa na mwenyewe amekaa nyumbani? Huo uvivu mlisomea wapi?"

Nthenya akawatazama mmoja mmoja. Miaka miwili alikuwa akililia watu wa kuzunguka vijijini, na sasa hawa hapa, kila mmoja na kijiji chake, wameamka alfajiri kwa kudhani kuwa mwenye mali ndivyo anavyofanya. Nani angewasahihisha? Si yeye! Akawaeleza habari ya zile picha. Kabla hajamaliza, walikuwa wameshagawana vijiji: hakuna picha itakayoingia mtandaoni kabla mmoja wao hajamwona mbuzi huyo kwa macho na kumshika mbavu.

"Tutawaona hao mbuzi wa picha," akasema Munyiva, kisha akamgeukia. "Sasa wewe. Mwethya huanza saa moja. Aliyechelewa hupikia wengine chai."

"Mimi? Kwenye ofisi yangu?"

"Yetu!" wakajibu kwa pamoja.

Nthenya akavua viatu vyake vya visigino virefu, akaenda kwa jirani kuazima sufuria kubwa, akicheka peke yake njia nzima.