Ubeti wa Mwisho

"Bibi Hajira, mbona nyimbo zako zote hazina ubeti wa mwisho? Kuna kurasa zimepotea?" aliniuliza Salima, binti anayetunza maandishi ya kale pale Utete. Nilikuwa nimempelekea daftari langu la nyimbo za harusi, nililoliandika kwa mkono tangu usichana wangu.

"Zipotee wapi! Beti hizo niliacha kuziandika makusudi. Kibiti nzima walinakili daftari hili, lakini kila harusi ilibidi waje kunichukua niwamalizie wimbo. Nimekula pilau mpaka Mchukwi!"

Salima alicheka mpaka miwani ikamshuka puani, kisha akashika kalamu. "Basi niimbie, bibi yangu, niziandike zisije zikapotea kweli."

Nikalifunika daftari.

"Weka kalamu chini, mjukuu wangu. Unaolewa lini?"