Bodi Isiyohitaji Feni

Kompyuta yetu ya kutazamia filamu sebuleni ilihitaji bodi mpya, ile sahani kuu ya ndani inayobeba vipuri vyote. Mume wangu Kipngeno akamuuliza Phelis, dada anayeuza katika duka la kompyuta mjini Kericho, si mimi niliyesomea kompyuta masomo ya jioni.

"Chukua hii isiyohitaji feni, shemeji," Phelis akasema, akimchekea kwa macho. "Imetulia kama wewe."

"Picha zitakwama!" nikadakia. "Tunataka ile ya kasi."

"Na kelele ya feni yake, Mama Chebet? Si mtoto ataamka?"

Chebet alikuwa amelala mgongoni mwangu. Phelis alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kipngeno akanitazama, akingoja neno langu.

"Haya, hiyo isiyo na feni," nikasema. "Lakini nitaifunga mimi. Asije mtu wa dukani kutufungia nyumbani."