Jiwe Lililobaki Boitsfort

Wanauita mlima. Mimi nimezaliwa Goma, volkano ikiwa nyuma ya nyumba yetu, kwa hiyo mniwie radhi nikicheka. Huo wa Boitsfort, ukingoni mwa Brussels, ni mwinuko wa msituni unaoisha kabla hujaanza kuhema. Lakini watu wa sala hawashindwi. Kwetu Kivu mwenye shida kubwa hufunga, akapanda mlimani kumtafuta Mungu, na huku Ubelgiji kwenye tambarare walihangaika mpaka wakapata hicho kilichopatikana. Kila Jumamosi wanashuka kwenye tramu, wanazunguka mabwawa, wanapanda na matope yao.

Juu kuna matuta ya udongo. Kibao kinaeleza kwamba watu wa zama za mawe walikaa pale, wakajizungushia boma, na kwamba matuta mengine yanadhaniwa kuwa makaburi. Maman Rolande, kiongozi wa kikundi, alifurahi mno aliposoma hayo. Alisema mahali palipokaliwa tangu kale namna ile, mbingu iko karibu. Nikamwambia kilicho karibu ni maiti. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa pembe ya mdomo.

Dada yangu mkubwa Sidonie, yaya kama tunavyosema Goma, alipanda huko kwa ajili ya Joël, mwanawe wa pekee. Vita vilipoingia Goma maji yalikatika, na Joël akachukua kidumu akaenda kuchota ziwani. Hakurudi. Mwaka ulipita bila habari, na mama yake, huku Laeken, mtaa wa Brussels, akawa mtu wa kazi na sala tu. Asubuhi alikwenda kuwaogesha wazee wa Kizungu, jioni aliomba, Jumamosi alifunga na kupanda.

Kikundi kina sharti lake. Mwenye ombi hubeba jiwe, hupanda nalo na kushuka nalo, wiki hadi wiki, mpaka Mungu amjibu. Akijibiwa analiacha juu ya tuta. Msitu ule hauna mawe ya maana, kwa hiyo Sidonie aliokota lake kando ya reli karibu na kwake, jeusi, kubwa kama kiazi. Alilala nalo chini ya mto. Niliwahi kumtania kwamba sasa ameolewa na jiwe, naye hakucheka.

Ijumaa jioni binamu yetu Crispin alinipigia kutoka Goma. Kijana aliyeongozana na Joël siku ile alikuwa ametokea kutoka mafichoni, akasema yote. Joël alipigwa risasi njiani, hata ziwani hakufika. Walimfukia pamoja na wengine katika shimo moja, na hakuna anayeweza kuonyesha ni wapi.

Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu, wala mama haambiwi akiwa peke yake. Ndugu wanakusanyika kwanza. Wanawake wenye nguvu wanasimama nyuma yake ili wamdake akianguka, na anayesema ni ndugu wa kiume wa huyo mama. Yaani mimi. Sasa Sidonie akifunga huzima simu tangu Ijumaa, na alfajiri ameshatoka. Tuliogopa ashuke mlimani, awashe simu, akute rambirambi za mji mzima. Tukaamua kumwahi hukohuko juu, mimi na binamu zetu watatu, Tharcisse, Cécile na Carine.

Tuliiogopa simu, tukasahau kwamba nyuso zetu wenyewe nazo ni habari. Mvua ilikuwa imekatika, njia inateleza, nami napanda huku nikiyarudia maneno yangu kimoyomoyo. Desturi inataka uanze mbali, kwamba mtoto anaumwa, kwamba hali si nzuri, ndipo umfikishe mtu polepole. Sidonie alikuwa amesimama kando ya tuta kubwa na wenzake. Akageuka akatuona.

"Josias? Na wewe umepanda?"

Nikamsogelea, nikiteleza kwenye matope.

"Wewe mwenye kucheka sala yetu! Na Tharcisse! Na Carine, siku yake ya kazi! Bote bamekuya!" Akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Bamemupata. Eh Mungu wangu, bamemupata mutoto!"

Binamu zangu walinyamaza kwa sababu desturi iliwataka waningojee mimi. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya woga. Yeye akauchukua ukimya wetu kuwa ni ndiyo, maana nani angemkokota Josias mpaka kwenye mlima wa sala kama si furaha? Maman Rolande akapiga vigelegele. Sidonie akalitoa jiwe mkobani, akalipanda tuta mbio, akaliweka juu na kulipigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto. Kisha akashuka akicheza ndani ya matope na buti zake za mvua.

Mzungu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama kutazama. Sidonie akamshika mkono, akamwambia kwa Kifaransa kwamba mwanawe yu hai.

"Monsieur, mon fils est vivant!"

"Félicitations, madame," yule bwana akampongeza, na alimaanisha kweli.

Nilitamani ardhi inimeze. Dada yangu akanirudia, anahema, macho yanang'aa, amenyoosha mkono.

"Nipatie simu. Nisikie sauti yake. Donc alikuwa wapi mwaka muzima? Amekonda?"

"Yaya, kaa chini kwanza."

"Nikae ya nini? Leo ni siku ya kucheza!"

"Crispin njo alipiga simu."

"Crispin alimuona?"

"Aliongea na rafiki yake."

Cécile alikuwa ameshasogea nyuma yake, na Carine ubavuni. Sidonie akaiona mikono yao, imefunguka kidogo, tayari. Aliifahamu mikono ile. Yeye mwenyewe amesimama hivyo nyuma ya wanawake wengi, Goma na hapa Brussels, akingoja waambiwe. Miguu ikaacha kucheza.

"Cécile," akasema polepole, "juu ya nini unasimama nyuma yangu?"

Cécile akaanza kulia. Hapo nikapiga moyo konde, na yale maneno ya kuzungukazunguka yote yakanikimbia.

"Joël alikufa, yaya. Ile siku ya maji. Njo siku alikufa."

Tulijiandaa kwa kilio, na kilio hakikuja. Alisimama vilevile, mkono bado umenyooka kungojea simu.

"Kaburi yake iko wapi?"

"Haijulikane."

"Mwaka muzima nilikuwa naomba juu ya muntu mwenye iko ndani ya udongo?"

Maman Rolande alifungua mdomo. Nilimtazama, akaufunga. Nilitaka kumtukana mtu, yeye, Crispin, hata yule bwana wa mbwa, na sikuona hata mmoja aliyestahili. Niliyekuwa na uhakika naye ni mimi, niliyemwacha dada yangu acheze.

Wanawake walimfunga kitenge mabegani na kuanza kumteremsha. Nikalikumbuka jiwe. Nilidhani atalitaka, maana alilala nalo mwaka mzima na hakuwa na kingine cha kushika. Nikapanda tuta lile, nikaliokota, nikamkimbilia nalo.

"Yaya, jiwe yako."

Akausukuma mkono wangu.

"Rudisha kule."

"Bon, nikubebee basi mpaka ku nyumba."

"Rudisha, Josias. Mungu akijibu, jiwe inabaki. Njo sharti." Akajifuta uso na ncha ya kitenge. "Amejibu."

Nikalirudisha juu ya tuta, tukashuka kutafuta tramu.