Kibati Kwenye Msumari wa Chini

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, magurudumu matatu ya Panzi yaliachana na nyasi zenye umande. Panzi kilikuwa kidege cha bomba za alumini na bawa la turubai, chenye viti viwili na injini yenye kelele kuliko ukubwa wake. Fundi aliyemshikia kaka yake bawa alisimama akikitazama mpaka kikavuka miti.

Kiwanja kile kidogo cha ndege kilikuwa na sheria moja isiyoandikwa. Kila rubani ana kibati chenye jina lake kwenye ukuta wa banda. Akipaa, anakitoa msumari wa chini na kukitundika wa juu; akitua, anakirudisha. Akichelewa nusu saa, waliobaki chini wanawapigia simu waokoaji.

Asubuhi hiyo kibati cha kaka hakikuguswa. Daktari alikuwa amemkataza kuruka kwa sababu ya moyo, na mke wa kaka alikuja kila siku na chupa ya chai kukikagua kibati hicho.

"Mzunguko mmoja, bwana mdogo. Dakika ishirini," kaka alikuwa amemwambia fundi kabla ya kupaa.

"Shemeji akijua atanichinja."

"Atakuchinja wewe. Mimi nitakuwa juu." Akafunga mkanda wa kofia. "Huku chini nina miaka sitini na tisa na vidonge sita kwa siku. Kule nina upepo usoni tu."

Fundi alicheka, na Panzi kilipopaa akarudi kufunga mlango wa banda ili nafasi yake tupu isionekane.

Saa moja kamili Panzi kilikuwa hakijarudi. Saa moja na dakika ishirini na tano shemeji akafika, akatazama ukutani kabla hata ya salamu.

"Ala! Kumbe sikio la kufa nalo husikia dawa," alisema, uso ukimchanua. "Yuko wapi mzee wangu?"

"Anakagua nyasi kule mwisho wa kiwanja, shemeji."

Shemeji akamimina chai vikombe vitatu. Cha tatu akakifunika kwa kisahani.

Saa moja na nusu ilipita, na nusu saa ya kuchelewa ikatimia. Tangi lina mafuta ya kuruka saa moja unusu, fundi alijiambia, alilijaza mwenyewe. Kaka amenogewa tu, si mara ya kwanza. Hesabu ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyomfunga mdomo. Shemeji alisimulia habari za wajukuu. Fundi alisikiliza angani.

Saa mbili na dakika kumi mafuta yalikuwa yamekwisha, popote pale Panzi kilipokuwa. Fundi aliwapigia waokoaji simu pale pale, mbele ya shemeji yake.

"Kidege kimepaa saa kumi na mbili na dakika arobaini," alisema. "Mtu mmoja. Alielekea mtoni."

Sauti ya upande wa pili ilisikika wazi: "Mbona mnaripoti sasa hivi?"

Fundi aligeuza macho kwenye kibati.

Shemeji aliinuka, akaenda ukutani. Alikitoa kibati msumari wa chini, akakitundika wa juu.